Askari Wetu na Uhuru wa Uhabeshi

Zamani, katika pwani yetu, neno uhuru lilikuwa na maana moja iliyojulikana na kila mtu, yaani kutoka katika utumwa. Sheria ya kuufuta utumwa ilitolewa Unguja mwaka wa 1897, na Tanganyika haikutolewa mpaka mwaka wa 1922. Basi wazee waliposikia neno hilo walimfikiri mtu na bwana wake, wala hawakuifikiri nchi na serikali yake. Katika mazungumzo haya twataka kusimulia vita ambavyo askari wetu waliiona maana ya pili kwa macho yao.

Uhabeshi ulikuwa nchi yenye mfalme wake. Tarehe 1 Machi, 1896, majeshi ya Mfalme Menelik yaliwashinda Wataliani huko Adowa. Wataliani hawakusahau. Mwezi wa Oktoba, 1935, walirudi na eropleni na hewa ya sumu, na tarehe 5 Mei, 1936, wakauingia mji wa Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo. Mwezi wa Juni alisimama Geneva mbele ya Baraza la Mataifa akaomba msaada, asiupate. Lakini wako Wahabeshi waliobaki milimani wasiweke silaha chini kwa muda wa miaka mitano. Yatupasa kuwataja hawa kwanza, maana wako wasemao kwamba uhuru wa nchi ile uliletwa na wageni. Wageni waliukuta moto umekwisha kuwashwa.

Wataliani walipoingia katika vita kuu mwezi wa Juni, 1940, askari wa K.A.R. kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikusanywa kaskazini ya Kenya, pamoja na Waafrika wa Nigeria na Gold Coast, na Wazungu wa Afrika ya Kusini. Mbele yao palikuwa na nchi kavu ya miiba, na maji hayana budi kuchukuliwa kwa motokaa. Mji wa Kismayu ulitwaliwa tarehe 14 Februari, 1941, na Mogadishu tarehe 25. Siku arobaini baadaye, tarehe 6 Aprili, majeshi yaliingia Addis Ababa. Mwendo wa namna hiyo haukutazamiwa na watu wengi.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Mvua zilianza kunyesha katika nchi ya maziwa, kusini ya mji mkuu, na motokaa zikazama matopeni. Huko Colito, tarehe 19 Mei, kikosi cha Tanganyika kilishambuliwa na vifaru. Mwezi wa Juni askari wetu waliuvuka mto Omo. Ngome ya mwisho, Gondar, ilianguka tarehe 27 Novemba, na askari wa Afrika ya Mashariki walikuwapo.

Na askari huyu alitoka wapi? Kama ni mtu wa Kenya, alitoka katika nchi ambayo tangu mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha bati shingoni. Maafisa wake walikuwa Wazungu, na mshahara wake haukulingana na wao. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine walilazimishwa. Husemwa kwamba alipigania mshahara tu. Hatukatai, kodi ilikuwa inamngoja nyumbani. Lakini mtu aliyelipwa mshahara hafumbwi macho kwa sababu hiyo.

Tarehe 5 Mei, 1941, miaka mitano kamili tangu siku ya kushindwa, Haile Selassie alirudi Addis Ababa, akapokelewa na Jenerali Cunningham. Mwafrika aliurudia ufalme wake, na bunduki za Waafrika wenzake zilikuwa zimemsaidia kufungua njia. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo Bwana Churchill na Bwana Roosevelt walitangaza kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Mwezi wa Septemba Bwana Churchill alieleza bungeni kwamba waliyafikiri hasa mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Wajeremani.

Hatutaki kuupamba Uhabeshi kupita kiasi. Utumwa ulikuwa ungaliko huko, na Mfalme alitoa amri ya kuukomesha mwaka wa 1942. Nchi ilikuwa huru, na ndani yake wako watu wasiokuwa huru. Maana zile mbili za neno letu hazikwenda pamoja siku zote.

Sheria ya kuondoa kipande ilipitishwa Kenya mwaka wa 1947. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, Uganda mwaka wa 1962, Kenya mwaka wa 1963, na Nyasaland, iitwayo sasa Malawi, mwaka wa 1964. Kijana wa Tanganyika aliyesimama mbele ya vifaru huko Colito akiwa na umri wa miaka ishirini, alikuwa na miaka arobaini bendera ya nchi yake ilipopandishwa.