Mwanya, Pengo na Risasi

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa vitu viwili: yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko nako lina maana zote mbili, kwa kuwa risasi za bunduki zilisubiwa kwa madini hayohayo. Sasa fungua slaidi yoyote yenye orodha ya hoja. Ile alama nyeusi ya mviringo iliyo mbele ya kila hoja, Waingereza wameipa jina la risasi ya bunduki. Ule weupe ulio kati ya mstari na mstari, wameupa jina la risasi ya madini. Wao wana maneno mawili yasiyofanana, kwa hiyo hawaoni ajabu. Sisi tunalo moja, na kwa macho ya Kiswahili slaidi nzima imejaa risasi: nyeusi pembeni, nyeupe katikati.

Jina la ile nyeupe lina historia inayoshikika mkononi. Kabla ya kompyuta, mpanga herufi alisimama mbele ya kasha, akaokota herufi za madini moja baada ya nyingine na kuzipanga kinyumenyume. Herufi zenyewe zilikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Mstari ukijaa, alichomeka kipande chembamba cha risasi, mara nyingi chenye unene wa pointi mbili, ndipo akaanza mstari unaofuata. Kipande hicho kilikuwa kifupi kuliko herufi, kwa hiyo wino haukukigusa, na kwenye karatasi pakabaki peupe. Gazeti la Msimulizi, ambalo wamisionari wa UMCA walianza kulitoa Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, ni la zama hizo za herufi za kuokota kwa vidole. Weupe wa kurasa za wakati ule ulikuwa na uzito. Ulitunzwa kwenye droo, ukapungua, ukaagizwa tena.

Pointi, kipimo cha wapigachapa hao, bado tunaitumia. Kompyuta zimeirithi na kuisawazisha: pointi 72 ni inchi moja. Ukiandika 12 kwenye kisanduku cha kupangia mistari, umeomba sehemu moja ya sita ya inchi, yaani milimita 4 na kidogo.

Kwa ile alama nyeusi, tafsiri za mashine hupenda kutuletea risasi ileile ya bunduki, na watu wengine wameipokea bila kuuliza. Naipinga kwa moyo wote. Mwuguzi anayeandaa slaidi za chanjo ya watoto hana haja ya kupanga risasi mbele ya kila sentensi, wakati lugha yetu ina neno jepesi na sahihi: kitone. Ni tone dogo la wino, na ndivyo alama yenyewe ilivyo. Najua vitabu vya shule vya Kenya huita kitone ile alama inayofunga sentensi, sambamba na kikomo na nukta. Alama yenye majina matatu inaweza kutuachia moja. Nukta ifunge sentensi, kitone kifungue hoja, na mwalimu atakayesema darasani "ongeza kitone" aeleweke palepale.

Ugumu wa kweli uko kwenye neno nafasi. Nalipenda sana. Asili yake ni Kiarabu, nafas, yaani pumzi, na nafsi ni ndugu yake wa damu. Anayesema "sina nafasi leo" anasema, kwa mbali, kwamba hana pa kuvutia pumzi. Ila neno hili limebebeshwa mengi mno: kuna nafasi ya kazi, nafasi ya tatu kwenye mbio, nafasi ya kukaa kwenye daladala, nafasi aliyopewa mtu akaichezea. Likiingia kwenye menyu ya programu, linatakiwa litaje mahali picha ilipowekwa, weupe kati ya neno na neno, weupe kati ya mistari na weupe kati ya aya. Mtumiaji anasoma "nafasi" mara nne kwenye dirisha moja, na kila mara ni kitu kingine. Mwaka 2004, watu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, walionyesha kwamba kazi hii inawezekana. Tangu hapo lililobaki ni kunoa.

Mimi ningenoa kwa maneno mawili ambayo kila mtu anayo: mwanya na pengo. Mwanya ni uwazi kati ya meno mawili ya mbele yaliyoota hivyo yenyewe, na wengi wetu tunauhesabu kuwa urembo. Pengo ni pale jino lilipong'oka. Kwenye mwanya hakuna kilichopotea. Vyote vipo, vimeachana tu. Kwenye pengo kuna kilichopaswa kuwapo na hakipo. Lugha iliyoweza kutenganisha hali hizo mbili kinywani inaweza kuzitenganisha kwenye slaidi.

Na kwenye slaidi tofauti hiyo ni ya kazi. Watu wengi wanaotaka kuachanisha hoja mbili hubonyeza Enter mara mbili. Kinachotokea ni pengo halisi: aya tupu, isiyo na herufi hata moja, lakini inayochukua kimo cha mstari mzima. Kama maandishi ni ya pointi 28, pengo nalo lina kimo cha maandishi ya pointi 28. Ukitaka kulipunguza inabidi uchague mstari usioonekana na kupunguza ukubwa wa herufi zisizokuwapo. Ukihamisha hoja kwenda juu, pengo linabaki lilipokuwa, au linafuatana na hoja isiyo yake. Orodha ya hoja saba iliyopangwa hivyo ina mapengo sita, na kila marekebisho yanakuwa kazi ya mkono.

Mwanya unawekwa mahali pengine. Katika dirisha la mpangilio wa aya kuna vipimo vitatu: mwanya wa mistari, mwanya wa kabla ya aya, na mwanya wa baada ya aya. Hivi ni mali ya aya yenyewe. Aya ikihama, inahama na mwanya wake. Ikifutwa, mwanya unafutika nayo. Nilipokuwa nikitafuta jina la hiki cha mwisho nililipima pia neno kituo, kwa sababu ya utamu wake katika ushairi. Ila kituo tayari kina mabasi, polisi, afya na utafiti. Tuliache lipumzike.

Kiolezo cha kawaida cha PowerPoint, kama kilivyo tangu toleo la 2013, kinafundisha mengi. Hoja ya ngazi ya kwanza ina herufi za pointi 28, mwanya wa mistari wa asilimia 90, na mwanya wa kabla ya aya wa pointi 10. Ngazi ya pili ina herufi za pointi 24 na mwanya wa kabla wa pointi 5. Maana yake ni kwamba mistari imebanwa kidogo kuliko kawaida, na hoja mpya inaachana na iliyotangulia kwa milimita tatu na nusu tu zaidi ya mistari inavyoachana ndani ya hoja moja. Ikiwa kila hoja ni mstari mmoja, hakuna tatizo. Programu hii ilizaliwa California na kutolewa mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na orodha zake zilikusudiwa ziwe za maneno machache machache. Kiswahili hakibaniki hivyo. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, kirejeshi na kauli ndani ya neno moja, na neno hilo halikatiki.

Chukua hoja moja ya mkutano wa wazazi: "Masuala yatakayoshughulikiwa na kamati ya shule kabla ya muhula kuanza." Neno la pili lina herufi 20. PowerPoint haikati maneno kwa kistari yenyewe, kwa hiyo kisanduku kikiwa chembamba, "Masuala" linabaki peke yake juu, na neno lote refu linaporomoka mstari wa pili. Hoja iliyoonekana fupi kichwani sasa ina mistari mitatu. Zikifika hoja tano za namna hiyo, maandishi yanafurika, na hapo programu hujipa ruhusa: hupunguza ukubwa wa herufi na kubana mwanya wa mistari kwa hadi asilimia 20. Hufanya hivyo kimyakimya. Aliyeandaa slaidi anaona kila kitu kimeenea na anaridhika. Aliyeketi nyuma ya ukumbi anaona ukuta wa mistari kumi na mitano, na hajui hoja ya pili inaishia wapi na ya tatu inaanzia wapi.

Max Wertheimer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1923 kwamba jicho huvikusanya vitu vilivyo karibu na kuviona kuwa kundi moja. Jicho halisubiri kusoma. Linapanga kwanza, kisha linasoma. Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni moja: mwanya wa aya uzidi mwanya wa mistari kwa kiasi kinachoonekana kutoka mlangoni. Kwa maandishi ya Kiswahili ya pointi 24 naweka mistari kwenye asilimia 100, na kati ya hoja naweka pointi 12 au 14. Ule ubanaji wa kimyakimya nauzima. Kama maneno hayaenei, natoa hoja moja na kuipeleka kwenye slaidi inayofuata, ambayo haina gharama yoyote.

Tofauti ya mstari na aya, ambayo ndiyo mzizi wa yote haya, Waswahili wameizoea muda mrefu kabla ya kibodi. Aya yenyewe tumeipata kwenye Kurani, ambamo ni kipimo cha maana na cha usomaji kwa pamoja. Akifisha, kitenzi tunachotumia kwa kuweka mkato na nukta, kinatokana na neno la Kiarabu la kusimama, lilelile la zile alama ndogo zinazomwonyesha msomaji wa Kurani mahali pa lazima kusimama, mahali anapoweza kusimama, na mahali ambapo kuendelea ni bora. Mtoto wa madrasa anajua kwamba pumziko lina daraja zaidi ya moja. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vya ubeti, kila kimoja cha mizani nane, viliandikwa vikifuatana, na alama ndogo ikatenganisha kipande na kipande. Kazi ambayo leo tunauachia weupe ilifanywa na alama hiyo, na msomaji hakupotea.

Kwenye kibodi tofauti hiyohiyo ina vitufe vyake. Enter pekee huanzisha aya mpya, pamoja na kitone kipya na mwanya wake. Enter ukiwa umeshikilia Shift huanzisha mstari mpya ndani ya aya ileile, bila kitone wala mwanya wa aya. Namweleza mtu yeyote anayejua ushairi kwamba ya kwanza ni ubeti na ya pili ni mshororo, na hahitaji maelezo zaidi.

Kuna weupe mwingine, wa kushoto, kati ya kitone na neno la kwanza. Pambizo ni jina zuri la ukingo wa ukurasa, na kujongeza ni kitenzi kizuri cha kusogeza maandishi ndani. Katika kiolezo kilekile maandishi yamejongezwa robo inchi, na kitone kimeachwa nje, ili mstari wa pili wa hoja uanzie chini ya herufi ya kwanza ya mstari wa juu. Anayechapa kistari kwa mkono kisha akapigapiga kitufe cha nafasi hulipoteza jambo hili: mstari wa pili unarudi chini ya kistari, na orodha inapoteza mgongo wake.

Na kwa slaidi ya safu mbili, ambazo siku hizi kila mtu huziita "ya kushoto" na "ya kulia", tayari tuna majina yaliyotulia. Mshairi hugawa mshororo wake katika vipande, na huviita kwa mpangilio ukwapi, utao, mwandamo na ukingo. Safu ya kwanza ningeiita ukwapi, ya pili utao. Ikiongezwa ya tatu, iwe mwandamo, na mwanya kati yao uwe mpana kuliko mwanya wowote uliomo ndani ya safu.