Kabla Hujanunua Tairi Pana, Jua 7.50-16 Ilitoka Wapi

Wasee, leo nasema kitu ambacho wenye rimu za kung'aa hawatakipenda. Tairi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye barabara za huku Kyuso ni nyembamba, ni ndefu, na ukiipiga picha haina swagi yoyote. Inaitwa 7.50-16. Imebeba maji, ndengu, mbuzi, wagonjwa na maiti. Kama unataka kuchagua tairi ya gari lako mwaka huu, anza kwa kuelewa kwa nini namba hiyo ilitawala huku miaka yote hiyo.

Naandika kwa sababu kila Desemba naona jambo lile lile. Gari linatoka Nairobi limevalishwa tairi pana na rimu za inchi 20, linapita sokoni kila mtu akigeuza shingo, halafu kesho yake liko kwa mtu wa pancha, ubavu wa tairi umepasuka. Hakuna kiraka cha ubavu cha kuaminika. Hapo ni kununua mpya, na saizi hiyo Kyuso huipati. Unatuma pesa Nairobi, unangoja basi, na sherehe zinaisha ukiwa juu ya jeki.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Hii nchi yetu ilikuwa ya miguu kabla iwe ya magurudumu. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, aliendesha misafara ya pembe hadi pwani kwa watu waliotembea. Mwaka wa 1849 alimpokea mmishonari Krapf, na ni hapa Kitui Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1851 Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana. Safari zote hizo hazikuwa na gurudumu hata moja.

Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa 1896 na ikafika Nairobi 1899. Ilipitia Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, kwa hivyo ndugu zetu wa Makueni wakapata stesheni. Sisi wa Kitui tukaachwa kando. Hiyo ndiyo sababu tairi ni jambo kubwa kwetu kuliko watu wanavyofikiria: huku hakukuwa na behewa la kubeba mzigo. Kila gunia lililotoka na kila dawa iliyoingia ilikuja juu ya mgongo wa mtu, juu ya punda, au juu ya tairi.

Hiyo inchi 16 nayo ina hadithi yake. Kwenye vita vya pili vya dunia, Jeep ya jeshi la Marekani ilivaa tairi za 6.00-16. Vita vilipoisha, Waingereza wa Rover walijenga gari lao la kwanza la majaribio kwa kutumia chasisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 wakazindua Land Rover mjini Amsterdam. Nalo lilivaa 6.00-16. Land Rover ndefu za kubeba mzigo zilipokuja, tairi ikapanda hadi 7.50-16. Toyota nao wakaja na Land Cruiser wakaifuata saizi hiyo hiyo, na mpaka leo Land Cruiser pickup za serikali na mashirika utaziona na 7.50R16.

Kuisoma ni rahisi. 7.50 ni upana wa tairi kwa inchi, 16 ni kipenyo cha rimu. Urefu wake kutoka ardhini hadi juu ni kama sentimita 80. Kwa hivyo ni tairi ndefu kama ya gari kubwa, lakini nyembamba.

Mbona nyembamba ikafaulu huku? Angalia ardhi yenyewe. Ukitoka Mwingi kuja Kyuso na kuendelea hadi Tseikuru, unakutana na changarawe, mawe yenye ncha, miiba ya migunga, na mito ya msimu ambayo miezi mingi ni mchanga mtupu. Hata pale lami imefika, gari la kazi haliishi kwenye lami. Linaingia vijijini. Tairi nyembamba inapita katikati ya mawe ambapo pana ingegonga. Wakati wa tope inakata mpaka chini inapata ardhi ngumu, wakati pana inaelea juu na kuteleza. Usukani unakuwa mwepesi, na magari ya zamani hayakuwa na usukani wa kusaidiwa na mota. Halafu ilikuwa na tyubu. Mwiba ukiingia, unatoa tyubu, unabandika kiraka, unajaza upepo kwa pampu ya mkono, unaenda. Fundi ni wewe mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba mashariki ya Tseikuru kuna Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake kuanzia 1970. Aliuawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989, akiwa ndani ya Land Rover yake akienda kumwokoa mgeni wake. Upande ule, gari ndilo lilikuwa msaada wa kwanza na wa mwisho. Tairi ambayo huwezi kuitengeneza porini haina maana porini.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini mbio za magari zinatumia tairi kubwa." Si kweli hata. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilipita kwenye tope na vumbi la barabara za kawaida kabisa. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hilo ni gari la familia, tena la kusukumwa na magurudumu mawili tu. Mwaka wa 1963, na tena 1968, magari 7 pekee ndiyo yalimaliza. Yaliyomaliza ni yale yaliyovumilia. Historia ya barabara zetu imekuwa hivyo siku zote: anayefika ni mvumilivu.

Sasa hizi tairi zenye herufi A/T, yaani za ardhi zote, zilitoka wapi? Michelin walisajili uvumbuzi wa tairi ya rediali mwaka wa 1946. Kwenye rediali, nyuzi za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine badala ya kukatana kama zamani, na chini ya meno kunawekwa mkanda wa chuma. Inatulia barabarani na haichemki haraka. Mwaka wa 1976 BFGoodrich wakatoa rediali ya A/T kwa magari ya mzigo mwepesi: meno makubwa ya kushika changarawe, lakini bado unaweza kwenda nayo mjini bila kelele ya trekta. Ukiona H/T, hiyo ni ya lami. M/T ni ya tope, inanguruma kwenye lami na kuisha haraka. Kwa mtu wa Kyuso anayeenda Nairobi mara kwa mara, A/T ndiyo jibu. Hapo sibishani na mtu.

Ninapobishana ni kwenye saizi. Twende hesabu.

Saizi za kisasa zinaandikwa kwa milimita. 235/85R16 maana yake upana ni milimita 235, ubavu ni asilimia 85 ya huo upana, rimu ni inchi 16. Ukipiga hesabu, urefu wote unapata kama milimita 806. Hiyo kwa ufupi ni 7.50-16 iliyovaa nguo mpya. Ukichukua 265/75R16 unapata milimita 804. Urefu ni ule ule! Umeongeza milimita 30 za upana, umeongeza uzito na mafuta, na gari halijapanda hata kidogo.

Prado na Hilux nyingi zinakuja na 265/65R17, urefu wake kama milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata 803. Lakini gari linainuka nusu tu ya hiyo tofauti, yaani sentimita moja na kitu. Na spidi yako inadanganya: ukisoma 80, unaenda karibu 83. Kabla ya kuinunua, kata usukani mpaka mwisho pande zote uone kama kuna nafasi.

Hizo rimu za inchi 20 je? 265/50R20 ina urefu wa milimita 773, karibu sawa na ya kiwanda. Lakini ubavu umebaki milimita 132 badala ya 172. Umetoa sentimita 4 za mpira zilizokuwa zinakukinga na jiwe, ukaweka chuma cha kung'aa. Hiyo ndiyo biashara umefanya.

Kuna namba nyingine ambayo watu hawaangalii, ile ya mzigo. Tairi yenye 112 inabeba kilo 1,120. Yenye 120 inabeba kilo 1,400. Tofauti ni kilo 280 kwa kila tairi, yaani magunia 3 ya ndengu ya kilo 90. Tairi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja imetengenezewa kubeba familia na nyingine kubeba mavuno. Ukiona LT mwanzoni au baada ya saizi, hiyo ni ya mzigo. Usiipakie ya familia magunia halafu useme ni uchawi ikipasuka.

Na mchanga? Wengi wananunua pana sababu ya mchanga. Miaka ya 1920 na 1930 mwanajeshi Mwingereza anayeitwa Ralph Bagnold alivuka majangwa ya Misri na Libya na magari ya Ford, na moja ya mbinu zake ilikuwa kupunguza upepo. Tairi ikilegea, alama yake chini inarefuka na gari linaacha kuchimba. Kwenye mto wa mchanga, shusha kutoka psi 35 hadi kama 20, pita polepole bila kukata kona kali, halafu ujaze tena upande ule mwingine kabla ya kukimbia. Pampu ndogo na kipimo cha upepo ni bei nafuu kuliko tairi nne mpya.

Historia nyingine inauma. Nairobi tulikuwa na kiwanda cha tairi, kilichoanza kama Firestone na baadaye kikawa Sameer Africa, watengenezaji wa Yana. Kilifungwa 2016, wenyewe wakilalamikia tairi za bei ya chini kutoka nje. Kile cha General Tyre kule Arusha kilikuwa kimeshanyamaza kabla ya hapo. Kwa hivyo leo tunanunua kilichokuja kwa meli, na kazi ya kukagua ni yako. Soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka wa 2019. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani, na jua letu halina huruma. Meno mapya hayamaanishi tairi mpya.

Jambo la mwisho, na hapa sicheki. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, hapo Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tairi za basi ni ndefu kuliko za Prado yoyote. Maji yanayokimbia yanainua gari, na tairi pana ndiyo inaelea zaidi. Hakuna saizi inayovuka mafuriko. Ngoja mto ushuke, hata kama ni kulala kwenye gari.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mwenye Land Cruiser pickup, baki na 7.50R16 au uende 235/85R16, lakini pima upana wa rimu kwanza. Mwenye Prado au Hilux, chukua A/T ya LT kwenye saizi ya kiwanda na uweke pesa iliyobaki kwenye spea nzima na pampu. Mwenye Probox, na ninyi ndio wengi, usibadilishe saizi, nunua ya mzigo, na achana na mitumba iliyopakwa rangi nyeusi.

Ukija kuniuliza tairi gani inakufaa, nitakuuliza unabeba nini, unapita wapi, na ikipasuka saa nane usiku nani ataitengeneza. Ukishajibu hayo matatu, saizi utaijua mwenyewe.