Yai lenye mwiba

Buzuruga, jijini Mwanza, haina ufukwe. Ni kata ya barabarani, kwenye njia ya Musoma, na kwa miaka mingi, kabla mabasi hayajahamia Nyamhongolo, stendi yake ndiyo iliyowapokea wasafiri wa Magu, Lamadi na Bunda. Aliyekaa pale nusu siku aliiona Kanda ya Ziwa yote ikishuka na mizigo yake: watu wa majaruba na malambo kutoka bara, na watu wa mitumbwi kutoka mwaloni. Wengi wao walibeba pia kitu ambacho kondakta hakukitoza nauli. Wa malambo walibeba kichocho cha mkojo, wa ziwani kichocho cha tumbo.

Mgawanyo huo unatokana na konokono. Anayeishi kwenye malambo na majaruba yanayokauka kiangazi si yule wa ziwani, na kila mmoja hulea mnyoo wake. Mwanza imelijua jambo hili kwa undani tangu enzi za ukoloni, kwa sababu Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki ilikuwa hapa hapa. Watafiti Peter Jordan na Gerald Webbe walifanya kazi mjini hapa, na mwaka 1962 Webbe alichapisha utafiti wa jinsi kichocho cha mkojo kinavyoambukizwa katika Jimbo la Ziwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ikahitaji mwenyewe mpya, na sheria ya mwaka 1979 ikaunda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo kituo chake cha Mwanza kinaendelea na kichocho mpaka leo.

Lakini ni kitu gani hasa kinachoumiza? Swali hilo lilichukua zaidi ya miaka mia kujibiwa, na jibu lake halikupendeza.

Mnyoo mwenyewe alipatikana mapema. Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el-Aini jijini Cairo, daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alimkuta ndani ya maiti, kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini. Aliyekutwa eneo la tukio ndiye mwizi, basi lawama zote zikamwangukia. Kumbe mnyoo huyu ni mpangaji mtulivu. Dume na jike hukaa wamekumbatiana ndani ya mshipa kwa miaka, hata kumi, na kinga ya mwili inawapita bila kuwatambua kwa sababu hujipaka vitu vya damu yetu wenyewe. Amevaa koti letu, tutamjuaje?

Mlinzi wa mwili naye alikuwa akichunguzwa kwingine. Mrumi Celsus alikwisha kutaja dalili nne ambazo yeyote aliyewahi kuota jipu kwapani anazijua: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa Kiswahili cha kitabibu huitwa mchochota, neno ambalo masikioni mwangu ni ndugu wa kichocho, ingawa wanaisimu wasinishike kwa hilo. Mwaka 1858, Rudolf Virchow wa Berlin alichapisha mihadhara yake akisema ugonjwa utafutwe ndani ya seli, si katika vimiminika vya mwili kama wazee wa tiba walivyofundisha. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, msaidizi wake, alichungulia mishipa ya chura kwa hadubini akaona chembe nyeupe za damu zikipenya ukuta wa mshipa na kutoka nje.

Kisha ukaja mwiba. Mwaka 1882, huko Messina, Sicily, Mrusi Ilya Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, viangavu kama kioo, akavichoma miiba ya waridi. Asubuhi yake alikuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote, kama watu walioitikia mwano, yowe la hatari la Wasukuma, usiku. Akajua kwamba mchochota ni ulinzi.

Mwiba wetu ni yai. Jike wa kichocho cha tumbo hutaga hadi mayai 300 kwa siku, kila moja likiwa na urefu wa milimita 0.14 hivi na mwiba ubavuni. Mayai yanatakiwa yapenye utumbo yatoke na choo, yafike majini. Karibu nusu hukosa njia. Mkondo wa damu huyasukuma hadi kwenye ini, na huko mishipa inazidi kuwa myembamba mpaka yai linakwama. Ndani yake mna kiumbe hai kinachotoa vimeng'enya na sumu kwa wiki mbili, tatu.

Hapo mwili huita mwano. Chembe walaji hulizunguka yai, zikifuatwa na chembe nyingine nyeupe, kisha seli zinazosuka nyuzi za kovu. Wataalamu huliita duara hilo granuloma. Mtu wa Usukumani angeliita boma. Boma hilo ni kubwa kuliko yai mara nyingi. Miaka ya 1960 Kenneth Warren wa Marekani alionyesha kwa panya kwamba hujengwa na kumbukumbu ya kinga: panya aliyewahi kukutana na mayai hulijenga haraka na kwa ukubwa zaidi. Wazo la kwanza la mtu ni kusema basi mwili uache. Miaka ya 1970 walijaribiwa panya waliozaliwa na kinga pungufu, wasioweza kujenga boma vizuri. Seli za ini lao zilikufa kwa sumu ya yai. Ukijenga boma unaharibu shamba, usipojenga ng'ombe wanaliwa.

Mwaka 1904 daktari Symmers alieleza ini alilolikata Cairo: makovu meupe yameizunguka mishipa, akayafananisha na mashina ya viko vya udongo. Angekuwa Magu angesema mabua ya mtama yaliyochomekwa kwenye nyama. Cha ajabu, seli za ini katikati ya mabua hayo huwa nzima kwa muda mrefu. Macho hayawi manjano, mtu anavuta nyavu kama kawaida. Damu ndiyo inayokosa njia. Inarudi nyuma, bandama linavimba, mishipa ya umio inatutumka. Siku moja inapasuka, na mvuvi mwenye nguvu zake anatapika damu ya kujaza beseni. Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta mishipa hiyo ndiyo inayoongoza kwa watu wazima wanaofika wakitapika damu, mbele ya vidonda vya tumbo.

Kwenye kibofu, kwa wenye kichocho cha mkojo, mambo huenda vingine. Seli zinazochubuliwa na mayai mwaka hadi mwaka hubadili umbo, zinakuwa bapa kama za ngozi ili zihimili, na baadhi huishia kuwa saratani. Daktari Ferguson aliligusia hilo Cairo mwaka 1911, na Bugando wamekuta mayai ndani ya vipande vya saratani ya kibofu.

Dawa ipo tangu miaka ya 1970, prazikwanteli. Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa wanaijua: unasimamishwa kwenye fito yenye alama, urefu wako unaamua idadi ya vidonge, vikubwa na vichungu, baada ya uji. Humuua mnyoo, na kovu changa huweza kunywea taratibu. Lakini mayai yaliyotagwa usiku wa kuamkia vidonge hayakusikia habari hiyo. Yana wiki mbili, tatu za kuishi, na mwili unaendelea kuyajengea maboma.