Waya mmoja, hadi diski moja

Wadau, mwaka 1980 yalitokea mambo mawili yasiyojuana kabisa. Huko California kampuni ya Seagate ilitoa ST-506, hadi diski ndogo ya kuingia kwenye kompyuta za mezani. Ilibeba megabaiti 5 tu, ambazo leo hazitoshi wimbo mmoja wa taarabu ya asilia. Huku kwetu, waya wa umeme ulizamishwa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba hapa Unguja. Ulikuwa na uwezo wa megawati 45.

Kwa nini ninayaweka pamoja? Kwa sababu yote mawili yalitufundisha tabia moja: kuweka kila kitu mahali pamoja, halafu kusahau kwamba pako pamoja.

Tuanze na diski. Hadi diski ya kwanza kabisa duniani ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, ilikuwa kubwa kama kabati, na ilibeba herufi milioni 5 hivi. Mtu hakufikiria kuibeba kwenda nayo nyumbani. Lakini diski zilipoanza kuingia kwenye kompyuta za kawaida, likazuka swali ambalo mafundi wanaulizwa mpaka leo: diski ya zamani imejaa au imeanza kulia, je, nitahamishaje kila kitu kwenda mpya bila kuanza upya?

Wengi wanadhani ni suala la kunakili mafaili tu. Sivyo. Mafaili ni kama vyombo vya ndani ya nyumba, lakini nyumba ina funguo pia. Kwenye kompyuta za IBM na jamaa zake, tangu mwaka 1983, ufunguo huo ulikaa mwanzoni kabisa mwa diski, kwenye kipande cha baiti 512. Humo mna maelezo ya jinsi diski ilivyogawanywa na mahali pa kuanzia kuamsha mfumo endeshi. Hukioni ukifungua mafolda. Ukinakili barua zako zote na picha zako zote ukakiacha, diski mpya itakuwa imejaa mali lakini kompyuta haitaamka. Kompyuta za miaka hii zina mpangilio mwingine, ila kanuni ni ile ile.

Watumiaji wa Unix walikuwa na amri iitwayo dd tangu miaka ya 1970, inayosoma diski kipande kwa kipande bila kujali ndani mna nini. Watu wa DOS na Windows walihangaika zaidi. Ilipokuja Windows 95 na majina yake marefu ya mafaili, aliyenakili kwa njia za zamani za DOS alikuta majina yamekatwa, na mfumo haupati kinachotafutwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Murray Haszard wa New Zealand akatengeneza programu iitwayo Ghost, yaani mzimu. Ilihamisha diski nzima pamoja na ufunguo wake. Mwaka 1998 kampuni ya Symantec ya Marekani ikainunua. Baadaye wataalamu wa Taiwan wakatoa Clonezilla, inayofanya kazi hiyo bila malipo.

Sasa turudi Fumba. Mei 21, 2008 umeme wa Unguja ulikatika, na haukurudi mpaka Juni 18. Kisha Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa takriban miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mji Mkongwe ukawa mji wa jenereta na mishumaa. Pampu za maji zilisimama, na watu wakabeba ndoo. Waya ulikuwa mmoja. Hapakuwa na wa pili wa kushika nafasi yake.

Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa Millennium Challenge. Tulishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Lakini tazama: nao unatoka Ras Kiromoni unakuja Fumba, na unategemea gridi ile ile ya Bara. Ikianguka huko, nyaya zote mbili zinakuwa chuma baridi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuhusu diski. Nakala kamili inanakili kila kitu, na maradhi pia. Kama mfumo una virusi, pacha wake atazaliwa navyo. Kama nakala imebaki ndani ya kompyuta ile ile, mwizi mmoja, moto mmoja au mvua moja ya masika inachukua zote mbili. Na mapacha hao wana alama za utambulisho zinazofanana, ndiyo maana fundi mzuri huichomoa diski ya zamani kabla ya kuiwasha mpya mara ya kwanza, ili mashine isichanganyikiwe.

Kubwa kuliko yote ni wakati. Umeme ukikatika ghafla kompyuta ikiwa inaandika, faili linabaki nusu; likiwa ni la mfumo, kesho yake mashine haiamki. Diski inayogonga ndani bado inaweza kusomwa, na kuna programu kama ddrescue inayochukua kwanza sehemu nzima halafu ndiyo inarudia zilizoharibika. Lakini hiyo ni tiba ya mahututi. Nakala huchukuliwa mgonjwa akiwa bado anatembea.

Sisi Unguja tunaijua gharama ya kungoja. Hata hivyo ingia ofisi nyingi, na vyumba vya habari vimo: miaka ya kazi imekaa kwenye diski moja, kwenye kompyuta moja, chini ya meza moja. Diski mpya si ghali kama miezi mitatu ya giza. Kwa hiyo wadau, kesho mkifika kazini ulizeni swali moja tu: hii ikinyamaza leo, ya pili iko wapi? Na mkijibiwa kwamba iko kwenye droo ya chini, ulizeni ya tatu.