Mafiga Matatu na Tao la Chuma

Somo letu la leo ni historia ya tao, yaani kipande cha duara.

Chukua ndoo yenye mkono wa waya. Mkono ule ni tao. Ncha zake mbili zimefungwa ndooni, hazihami. Lakini mkono wenyewe waweza kulala kushoto, kusimama, au kulala kulia. Ncha ni zile zile, ukubwa ni ule ule, bali mahali ni pengi. Sasa ushike katikati. Umetulia! Nukta tatu zimeuweka mahali pamoja tu.

Wazee wetu walilijua jambo hili jikoni: mafiga mawili huangusha chungu, matatu hukituliza. Huko Aleksandria, nchini Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alieleza namna ya kuchora duara linalopita katika pembe zote tatu za pembetatu yo yote.

Maarifa hayo yalifika kwenye mashine baada ya karne nyingi. Mwaka 1952, chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na matundu ya utepe wa karatasi. Iliweza kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, kwa pamoja. Lakini ilijua mistari iliyonyoka tu. Tao lilikatwa kwa vimistari vingi vifupi, na kuvihesabu ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1959, kundi la Douglas Ross likaonyesha lugha ya APT. Kwa lugha hiyo fundi aliweza kutaja duara kwa nukta tatu, na kompyuta ikafanya hesabu.

Leo zipo mashine zinazokata tao lililoinama upande wo wote. Fundi huzipa mahali pa kuanzia, pa kupitia na pa kuishia.

Ninyi wa Mkwajuni mnajua kuwa karasha la kusaga mawe ya dhahabu likikosa kipuri, kazi husimama na mchimbaji hukosa riziki. Agizo likipungua nukta moja, tao laweza kuelekea pasipotakiwa, na chuma kikaharibika.

Zoezi: Weka punje tatu za mahindi mezani, uchore duara linalozipitia zote. Kisha zipange katika mstari mmoja, ujaribu tena. Mweleze mwenzako kwa nini haiwezekani.