Kuchora maua kwa mwenye kuanza: tuanzie na yale ya shamba letu

Mwambie mtoto wa shule achore ua. Mara mingi atachora lile lile: kiduara katikati, vidole vitano kandokando, kijiti kimenyooka na majani mawili. Ua hilo haliko Lusangi, haliko Kasongo wala Kabambare. Amelitoa kwenye kaye ya mwenzake, na mwenzake alilitoa kwa mwingine. Wamama wanaoshona maua kwenye vitambaa vya meza wanaijua hali hiyo: waridi moja la karatasi ya karbone linazunguka nyumba kwa nyumba, na asiyejua kuchora analipa mtu amchoree kabla hajashika sindano.

Kujifunza hakuombe pesa nyingi. Kreyo moja na kaye ya miraba vinatosha. Kama kreyo haipatikane, kipande cha makala cha jikoni kinachora vizuri kwenye katoni ao kwenye ukuta wa udongo, mama akikubali. Bic iwekwe kando kwanza, maana haifutike.

Kazi ya kwanza ni ya macho. Chuma ua, liweke mbele yako, hesabu vile vipande vya rangi ambavyo walimu wanaviita petali. Angalia kama zimeachana ao zinalaliana. Tazama pia nyuma ya ua, kwa sababu wengi wanasahau vijani vidogo vinavyolishika. Fanya hayo asubuhi: ua la boga linajifunga mbele ya saa sita, na hibiskusi nyingi zinadumu siku moja tu.

Jamaa la pamba

Hibiskusi ya kandokando ya parsele, bamia (wengine wanasema dongodongo) na pamba ni ndugu. Yote yana petali tano, basi ukishika moja umeshika yote matatu. Kugawa duara mara tano kunawasumbua wengi. Njia rahisi: ndani ya duara, chora mtu aliyepanua mikono na miguu. Kichwa ni petali ya kwanza, mikono ni mbili, miguu ni mbili. Kila petali ianze nyembamba katikati na ipanuke kuelekea nje, ukingo wake uwe na mawimbi kidogo, upande mmoja ulalie jirani yake. Kisha futa mtu wako.

Kwa hibiskusi, toa katikati kijiti kirefu kinachopita petali, ukijaze nukta pembeni, na kwenye ncha weka vichwa vidogo vitano. Bamia ina kijiti kifupi. Ua lake ni manjano na moyo wake ni mwekundu wa giza. Pamba inaomba uangalifu zaidi. Chini ya ua kuna majani matatu yenye meno marefu, na bila hayo hakuna atakayejua kama ni pamba. Siku ya kwanza ua ni jeupe lenye kuvuta manjano, kesho yake linakuwa jekundu hafifu, kisha linanyauka. Wazee wa Maniema wanalijua vizuri: Wabelgiji waliweka kilimo cha lazima cha pamba tangu 1917.

Maharagi na karanga

Hapa duara halisaidie. Ua la haragi linachorwa kwa upande. Petali moja kubwa inasimama nyuma kama bendera, mbili ziko pembeni kama mabawa, na mbili za chini zimeshikana, zinafanana na mtumbwi. La karanga ni umbo lile lile, dogo na la manjano. Lakini usiishie kwenye ua: likiisha nyauka, kinatoka kijiti kinachoshuka na kuingia ndani ya udongo, na karanga inazaliwa huko chini. Piga mstari wa udongo katikati ya ukurasa, uonyeshe juu na chini. Kwa mwalimu asiye na kitabu cha picha, mchoro huo mmoja ubaoni unafundisha somo zima.

Boga ni tarumbeta yenye ncha tano. Dume linakaa kwenye kijiti kirefu chembamba; jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Mabugenvilia yanadanganya watu: yale mekundu matatu ni majani, ua lenyewe ni kale keupe kadogo ka ndani.

Kwa kivuli, amua jua linatoka upande gani, kisha tia giza upande wa pili tu, na kwenye shimo la katikati.

Kuchora bila kuigiza picha za wengine si jambo jipya kwetu. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Hakutaka waigize picha za Ulaya. Aliwaachilia watazame mimea na wanyama wa kwao. Ndipo alipotokea Pilipili Mulongoy, ambaye ndege na samaki wake katikati ya majani wamejulikana mbali sana.

Kuhamisha kwenye kitambaa

Piga miraba midogo juu ya mchoro wako, na miraba mikubwa, idadi ile ile, kwenye kitambaa. Kisha hamisha mraba mmoja mmoja. Mraba wa karatasi ukiwa na sentimeta 1 na wa kitambaa 4, ua linakuwa refu mara nne bila kupotoka. Punguza mistari ya ndani, maana uzi ni mnene kuliko kreyo: kwa kila petali ukingo na mstari mmoja wa katikati vinatosha. Nukta za hibiskusi zinakuwa mafundo ya uzi. Na miraba yote ipigwe kwa kreyo, tena polepole. Ya bic inabaki kwenye kitambaa hata kikifuliwa, na mnunuzi anaiona.