Sauti Katika Imani na Hadithi za Ufipa

Tangu Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885, imani iliingia kwetu kwa njia ya masikio. Vitabu vilikuwa haba. Mwalimu alitamka sala, watu wakaitika, hata maneno yakakaa moyoni.

Lakini katika nyimbo palikuwa na mwiba. Kifipa si kama Kiswahili: sauti ikiinuliwa au ikishushwa, maana ya neno yaweza kugeuka. Basi tuni ya Ulaya ikivikwa maneno ya Kifipa, neno la kushuka hupandishwa, na wazee wa Mollo hucheka kimya kimya. Nao hawana kosa.

Na ngoma? Wengi waliiogopa, maana iliita pia kwenye pombe na matambiko, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake.

Hadithi nazo zina sauti. Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwaka 1962 hata 1964, alizichapa mwaka 1978. Twamshukuru; ila karatasi haiigi sauti ya sungura, wala haingoji kuitikiwa. Shuleni watoto huzisoma kama wahesabuo magunia. Kwa hiyo sisi twawaomba wazee waje wasimulie wenyewe, na watoto waitike.